ffmpeg inagoma kusoma picha zako? Anza na majina ya faili

ffmpeg ni programu ya kuunganisha picha ziwe video kwa komandi za kuandika. Mtu akinipigia kwamba "ffmpeg yangu imekufa, haioni picha na mimi nazitazama hapa hapa", siku hizi hata sisubiri amalize, namwambia nisomee jina la picha ya kwanza na jina la picha ya mwisho. Mara nyingi jibu linakuwa limeshapatikana hapo na salio la simu halijaisha. Kazi yangu ni katuni fupi na video za ujenzi, zile za kamera kufungwa kwenye nguzo inapiga picha miezi miwili afu tunazibana ziwe dakika moja, kwa hiyo haya makosa yote nimeyafanya mwenyewe, mengine zaidi ya mara moja.

Kitu cha kuelewa kabla ya yote ni hiki. Ukiandika `kar%04d.png`, ffmpeg haiendi kufungua folda ikaangalia humo ndani kuna nini. Inatunga jina kichwani, kar0000.png, inaenda kubisha hodi, kimya, inatunga lingine kar0001.png, inabisha tena, ikiitikiwa inaendelea na 0002. Ni sawa na mtu wa kupeleka barua aliyepewa namba za nyumba tu, nyumba ambayo haina namba aliyopewa kwake haipo, hata iwe ghorofa tano na watu wamekaa barazani wanampungia mkono.

Komandi yangu ya kila siku ni hii, na chini huku kila nikisema komandi ya kawaida namaanisha hii:

ffmpeg -framerate 24 -i kar%04d.png -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p video.mp4

Hiyo `%04d` maana yake weka namba hapo, tarakimu zisipungue nne, zikipungua jazia sifuri mbele. Faili zako zikiwa kar1.png, kar2.png bila sifuri, andika `%d` peke yake. Zikiwa na sifuri ili zifike tarakimu tano ni `%05d`. Na ukiwa Linux kumbuka .JPG na .jpg ni vitu viwili tofauti kabisa, kamera nyingi zinaandika kwa herufi kubwa, we unaandika kwa ndogo, mnapishana mlangoni.

Inasema "Could find no file with path" na picha zipo

Utaona kitu kama hiki:

Could find no file with path 'IMG_%04d.JPG' and index in the range 0-4

Soma huo mwisho wake, 0-4. Inakwambia imebisha hodi nyumba tano tu, namba 0 mpaka 4, hakuna aliyeitikia, imerudi nyumbani. Ndo ilivyo, kama hujaiambia ianzie wapi inaanzia sifuri na inajaribu namba tano basi. Sasa kama kamera yako imetumika tangu mwaka juzi picha ya kwanza ya kazi hii itakuwa IMG_4387, itaipata wapi? Unaiambia:

ffmpeg -framerate 24 -start_number 4387 -i IMG_%04d.JPG ...

Na `-start_number` ikae kabla ya `-i`. Hii kanuni ya kabla ya `-i` na baada ya `-i` itarudi sana, kwa ffmpeg kilicho kabla kinahusu faili inayosomwa, kilicho baada kinahusu faili inayoandikwa. Watu wanaiona kama mambo ya urembo, siyo urembo.

Kuna picha za WhatsApp pia, mteja anakutumia picha 60 zinaitwa IMG-20240611-WA0003.jpg, nyingine IMG-20240612-WA0001.jpg, hapo hakuna `%04d` itakayokusaidia kwa sababu tarehe inabadilika na namba inaanza upya kila siku. Hizo lazima uzipange majina upya, njia iko chini kidogo. Na kama unaweza mwombe mteja azitume kama dokyumenti, zikija kama picha za kawaida zinakuwa zimeshaminywa.

Video imetoka ila ni fupi kuliko picha ulizonazo

Hii ndo inayosumbua kuliko zote maana mara nyingine haileti erori yoyote. Umerenda fremu 240 (yaani kompyuta imekuchorea katuni picha moja moja), ulitegemea sekunde 10, umepata sekunde mbili na kitu na ffmpeg imemaliza kwa amani kabisa kama vile hakuna kilichotokea.

Kabla hujalaumu chochote panda juu kwenye maandishi iliyoyatoa utafute mstari wa Input:

Input #0, image2, from 'kar%04d.png':
  Duration: 00:00:02.67

Chukua kalkuleta. 2.67 mara 24 ni 64. Maana yake imehesabu picha 64, nenda kwenye folda katafute kar0065.png, ntashangaa ukiikuta. Kuna pengo. Labda kompyuta ilizima umeme ulipokatika katikati ya kurenda, labda uliifuta mwenyewe ukidhani ni ya kazi nyingine.

Sasa kuna siku Duration itasoma sekunde 10 kamili, halafu video inakatika palepale mwanzoni na unapata hii:

Could not open file : kar0058.png

Pengo ni lile lile la picha moja, mbona tabia tofauti? Nlijiuliza sana mpaka nlipoenda kusoma ilivyoandikwa. Kumbe ffmpeg inapotafuta picha ya mwisho haiendi moja moja, inaruka kama chura na kila mruko ni mara mbili ya uliopita, kutoka 1 inachungulia 2, 3, 5, 9, 17, 33, 65, 129, ikikosa inarudi pale ilipofika inaanza kuruka upya kidogo kidogo. Pengo likiwa kwenye 65 inalikanyaga, inasema hapa ndo mwisho, inafunga kazi kwa 64. Pengo likiwa 58 inaliruka bila kuliona, inafika mpaka 240, inahesabu zote zipo, afu ikija kusoma moja moja kweli ndo inatumbukia shimoni. Kwa hiyo usiseme "juzi ilinipa erori leo haijanipa basi leo picha zimetimia". Hesabu mwenyewe:

ls kar*.png | wc -l

Kama picha zako zinaanzia 1, hesabu ikitofautiana na namba ya picha ya mwisho una pengo. Kama ni katuni, renda ile fremu iliyokosekana, usiruke, jicho linaona. Kama ni picha za ujenzi pengo la picha moja hakuna atakayejua, panga majina upya yafuatane.

Mimi sibadilishi majina ya faili halisi, nimeshaumia. Natengeneza folda nyingine yenye njia za mkato zinazoelekeza kwenye picha zenyewe, haili nafasi kwenye diski na ukikosea unafuta folda unaanza upya, picha hazijaguswa:

mkdir safi
n=1
for f in IMG_*.JPG; do
  ln -s "$PWD/$f" "$(printf 'safi/%05d.jpg' $n)"
  n=$((n+1))
done

Baada ya hapo unasoma `safi/%05d.jpg` na maisha yanaendelea. Zile picha za WhatsApp pia zinapita humu humu, badilisha tu ziwe `IMG-*.jpg`, tarehe zao zimeandikwa mwaka kwanza, mwezi, siku, kwa hiyo zikipangwa kwa herufi zinakaa sawa na kalenda.

Picha zinasomwa ila zimevurugika mpangilio

Ya kwanza ni ile ya namba bila sifuri. Ukitumia nyota badala ya `%d`, kompyuta inapanga kama kamusi, kwa hiyo baada ya kar1 inakuja kar10, kar100, kar11, ndo ije kar2. Katuni inakuwa kama mtu mwenye kwikwi. Tumia `%d`, tatizo limekwisha.

Ya pili ilinipata kwenye nyumba ya mama mmoja. Kamera ilikuwa inapiga kila nusu saa, saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, picha 23 kwa siku, miezi miwili inakuja kama 1400. Nikabana, nikamtumia bila kuitazama mpaka mwisho maana nlikuwa na haraka. Akapiga. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona nyumba yangu imeanzia kwenye bati ndo ikachimbwa msingi?"

Kilichotokea ni kwamba kamera za kawaida zinahesabu mpaka 9999 basi, kinachofuata ni 0001. Kazi ilianza kwenye IMG_9200, ikafika IMG_9999, ikarudi IMG_0001 mpaka IMG_0600. Kamera ilizigawa kwenye folda mbili, mimi kwa akili zangu nikazimwaga zote kwenye folda moja. Kwa kupanga kamusi 0001 iko mbele ya 9200, yaani kupaua kumetangulia, msingi umefuata. Na ningetumia `%04d` ya kawaida ingekuwa mbaya zaidi kimya kimya, ingeanza 0001 ikaishia 0600, zile 800 za mwanzo isingezigusa kabisa.

Dawa ni ule ule mzunguko wa juu, ila unaitajia makundi mawili kwa mpangilio unaoutaka:

for f in IMG_9*.JPG IMG_0*.JPG; do

Basi. Za tisa zinaingia kwanza, za sifuri zinafuata. Mama nlimtumia nyingine jioni ile ile, akasema hii sasa ndo nyumba yangu.

Inakuuliza "already exists. Overwrite? [y/N]" na hujataja faili hiyo

SIMAMA. Usibonyeze y. Bonyeza n au Ctrl+C afu usome hapa.

Hii inatokea ukiandika nyota bila alama za kunukuu, hivi:

ffmpeg -framerate 24 -i *.png -c:v libx264 video.mp4

Kabla ffmpeg haijapata hata hiyo komandi, terminali (dirisha la kuandikia komandi) ya Linux au Mac imeshaikunjua ile nyota ikaweka majina yote ya picha zako. Kinachofika kwa ffmpeg ni `-i kar0001.png kar0002.png kar0003.png` na kuendelea. Na kwa ffmpeg jina lililo mara baada ya `-i` ndo la kusoma, jina lolote linalofuata likiwa halina `-i` ni la KUANDIKA. Kwa hiyo imeelewa hivi: soma kar0001, kisha iandike juu ya kar0002, na juu ya kar0003, na juu ya zote. Inakuuliza kwa heshima kama ufute kar0002.

Mimi haikuniuliza. Nlikuwa na skripti yangu nimeweka `-y` ili isinisumbue na maswali, fremu 96 za sungura anaruka, nikabonyeza enta nikaenda kuchukua chai. Narudi kila faili ni sungura yule yule wa fremu ya kwanza, amesimama. Mara 96. Kurenda upya kulinichukua usiku kucha, na toka siku hiyo `-y` siweki kwenye komandi yoyote yenye picha halisi.

Ukitaka nyota kweli, iambie na uifunge:

ffmpeg -framerate 24 -pattern_type glob -i '*.png' ...

Zile alama za kunukuu moja moja ndo ngao, zinaizuia terminali isiiguse nyota, ffmpeg ndo inaikunjua yenyewe. Na uzuri wa njia hii mapengo haiyajali, inachukua iliyopo.

Uko Windows

Njia ya glob kwa kawaida Windows haipo, itakwambia "globbing is not supported by this libavformat build", usihangaike kuidownlodi upya, panga majina tu.

Kitu kingine cha Windows kinachochekesha. Komandi inafanya kazi ukiichapa, ukiiweka kwenye faili la .bat inakataa, na erori inataja jina la ajabu hujawahi kuliona, kwa mfano `kartengeneza4d.png`. Hapo "tengeneza" ni jina la faili lako la .bat! Ndani ya .bat alama `%0` maana yake "jina langu mimi skripti", kwa hiyo `%04d` imekatwa, `%0` imegeuka tengeneza na `4d` imebaki. Ndani ya .bat andika asilimia mbili, `kar%%04d.png`. Na iwashe ile setingi ya kuonesha eksitensheni za faili, nimeona mtu anahangaika saa nzima kumbe faili linaitwa kar0001.png.png.

"Invalid PNG signature" au "No JPEG data found"

Jina linasema hivi, tumbo linasema vingine. Ukisoma mfululizo wa picha ffmpeg inaamini eksitensheni, ukiandika .png inaleta kisomaji cha PNG, kisomaji kinafungua kinakuta mambo mengine kinagoma. Na kinakwambia kilichokuta:

Invalid PNG signature 0xFFD8FFE000104A46

Hizo herufi siyo takataka. Faili la JPEG linaanza na FFD8, kwa hiyo hiyo ni JPEG aliyevalishwa kanzu ya PNG. PNG halisi inaanza na 89504E47. Ukikuta 52494646 mara nyingi ni WebP, hizi zinakuja sana ukisevu picha kutoka kwenye brauza. Namba zikiwa zinakuchosha:

file kar0001.png

Itakwambia ni nini bila longolongo. Kubadilisha eksitensheni kwa mkono kunasaidia tu kama zote ni aina moja na umezipa jina la aina hiyo. Zikiwa mchanganyiko, na za mteja huwa mchanganyiko, zipitishe kwenye ImageMagick, programu ya kugeuza picha, zitoke zote PNG za kweli. Picha za iPhone nazo, tangu iOS 11 ya mwaka 2017 zinapigwa kwa HEIC, hizo zigeuze kwanza kuwa JPG, au mwambie mwenye simu aingie kwenye setingi za kamera, sehemu ya Formats, achague Most Compatible kabla kazi haijaanza.

Afu usisahau kuangalia ukubwa wa faili. Faili lenye baiti 0 lina jina zuri na namba nzuri, ndani hamna kitu, hilo linatokana na kopi iliyokatika au flashi iliyochomolewa mapema.

"width not divisible by 2", au video inacheza kwako ila kwa mteja haichezi

Hizi ni ndugu. Ule mpangilio wa rangi wa `yuv420p` unafanya pikseli nne, mbili kwa mbili, zichangie rangi moja, sasa picha yako ikiwa 1919 kwa 1079 kuna pikseli zinabaki pembeni bila mwenza na libx264, kile kinachobana video kwenye ile komandi ya kawaida, inakataa. Ongeza kamstari kamoja:

-vf "pad=ceil(iw/2)*2:ceil(ih/2)*2"

Na usiitoe `-pix_fmt yuv420p` ili kukwepa hiyo erori! Ukiitoa itakubali kweli, PNG zako zitatoka kwenye `yuv444p`, kwako VLC itacheza vizuri kabisa, ukimtumia mtu kwenye simu anaona kioo cheusi au anaambiwa faili bovu, na wewe unabaki kubishana naye kwamba mbona kwangu inacheza.

Spidi siyo yenyewe, midomo ya katuni inatangulia sauti

Usipoiambia spidi ya picha, ffmpeg inachukua 25 kwa sekunde. Blender, programu ya kutengeneza katuni, usipoigusa inarenda kwa 24. Fremu 1440 kwa 24 ni dakika moja kamili, kwa 25 ni sekunde 57.6, kwa hiyo mwanzoni huoni kitu ila mwisho wa dakika mhusika anafunga mdomo sentensi haijaisha.

Mtu akigundua anaongeza `-r 24` mwisho wa komandi na tatizo linabaki, kwa nini, kwa sababu iko baada ya `-i`. Umeiambia soma kwa 25 ila andika kwa 24, na ili iweze hilo inatupa fremu moja kila sekunde. Angalia mstari wa chini wakati inafanya kazi, ukiona `drop=` inapanda na picha ni zako za kurenda, jua unaibiwa. `-framerate 24`, kabla ya `-i`.

Picha moja na sauti, haimalizi

Kava la kaswida au la wimbo wa kwaya, picha moja, sauti dakika sita. Bila `-loop 1` unapata picha inayotokea kwa kufumba na kufumbua afu inaganda au inapotea. Ukiweka `-loop 1` peke yake inazunguka milele, `time=` inapita dakika sita, inapita saa, haina habari. Kamilisha na `-shortest`:

ffmpeg -loop 1 -framerate 2 -i kava.jpg -i kaswida.mp3 -c:v libx264 -tune stillimage -pix_fmt yuv420p -c:a aac -shortest kaswida.mp4

Ikikujibu "Option loop not found" basi ulichompa siyo picha, ni GIF au video, hizo zinatumia `-stream_loop -1`.

Picha zimelala ubavu, zimevutika, au mandharinyuma yamekuwa meusi

Kulala ubavu: simu haizungushi picha, inaandika tu pembeni "mkiniangalia nizungusheni", na siyo kila programu inatii. Tengeneza kopi afu upige `mogrify -auto-orient *.jpg` (nayo ni ya ImageMagick) kwenye hizo kopi, nasema kopi kwa sababu mogrify inaandika juu ya faili lile lile.

Kuvutika: picha ya kwanza ndo inapanga saizi, zinazofuata zote zinalazimishwa kuingia humo. Weka `-vf "scale=1920:1080:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1920:1080:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2,setsar=1"`, ndefu ila iandike sehemu uwe unaikopi.

Weusi: MP4 ya H.264 kama tunayotengeneza hapa haibebi uwazi. PNG yako ina sehemu zinazopitisha mwanga, zikifika kule zinageuka nyeusi. Kama unaenda kuiweka juu ya video nyingine kwenye programu ya kuhariri, toa ProRes 4444 kwenye faili la .mov: `-c:v prores_ks -profile:v 4444 -pix_fmt yuva444p10le`. Faili litakuwa zito, zoea.

Kinyume chake, kutoa fremu kwenye video

`ffmpeg -i harusi.mp4 fremu/%05d.png` ikikwambia "Could not open file : fremu/00001.png", folda ya fremu haipo, ffmpeg haikutengenezei, fanya `mkdir fremu`. Ukitaka picha moja tu na inalalamika kwamba jina halina mfano kama `%03d`, weka `-frames:v 1 -update 1`. Na kabla hujabonyeza enta piga hesabu, harusi ya saa moja kwa fremu 25 ni picha 90,000, tuseme kila PNG ni MB 2 hiyo ni GB 180. Kama unatafuta tu picha za kuchagua weka `-vf fps=1`, moja kwa sekunde inatosha kumpata bibi harusi akicheka.

Uko kwenye simu, Termux

Termux ni app ya Android inayokupa terminali kwenye simu. ffmpeg inaingia kwa `pkg install ffmpeg` na inafanya kazi kama kwenye laptopu, taratibu tu. "Permission denied" kwenye picha za kamera, piga `termux-setup-storage` mara moja, ukubali ruhusa, picha utazikuta `~/storage/dcim`. Ila ule mzunguko wangu wa `ln -s` ukiuendesha humo ndani ya dcim utagoma, kumbukumbu ya pamoja ya Android haikubali njia za mkato za namna hiyo. Ingia kwenye folda ya kamera kama kawaida, ila `safi` itengeneze nyumbani kwa Termux, yaani `mkdir ~/safi`, na kwenye printf andika `"$HOME/safi/%05d.jpg"` kwa alama za kunukuu mbili mbili. Na video iandikie huko huko `~/` kwanza, ikikamilika ndo uihamishe kwenye `~/storage/downloads` galari iione.